Koki iliyoganda kwenye tangi la asidi ya asetiki: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki hakihusu kiwanda chochote kimoja. Kimejengwa juu ya hali inayojirudia popote asidi ya asetiki safi inapokaa mahali penye ubaridi, na vipimo vyake vimepangwa ili hesabu zake ziweze kufuatwa hatua kwa hatua.

Idara ya kutia rangi vitambaa ina tangi la plastiki la lita 1,000, lile la mraba lenye kizimba cha chuma na koki chini. Ndani kuna lita 800 za asidi ya asetiki ya 99.8%, yaani karibu kilo 840. Tangi liko kwenye banda la wazi. Usiku tatu mfululizo joto limeshuka hadi nyuzi 9, na mchana halikupanda sana. Asubuhi ya siku ya nne fundi anafungua koki ili ajaze ndoo ya kupimia. Hakitoki kitu, hata tone.

Kilichofuata ni hiki. Koki iliachwa wazi. Blanketi la umeme la kilowati 2 lilizungushwa kwenye tangi, themostati ikawekwa nyuzi 70 "ili liyeyuke haraka". Kifuniko cha juu kilikazwa kuzuia harufu. Baada ya saa tano koki ilikuwa bado imeziba. Fundi akalegeza nati kubwa inayoshikilia koki kwenye shingo ya tangi, apate nafasi ya kuchokoa kwa waya. Kizibo kikachomoka. Asidi ikamrukia paja na mkono, na lita kama 60 zikamwagika kabla nati haijakazwa. Fundi alijifuta kwa kitambaa akaendelea na kazi. Mwenzake akaleta kostiki soda iliyokuwa karibu akaimwaga juu ya dimbwi ili "kuua asidi". Dimbwi likachemka, likarusha matone na ukungu mkali, na banda likahamwa. Baada ya saa moja paja la fundi lilikuwa na malengelenge.

Hapakuwaka moto. Lakini moto ulikuwa karibu kuliko wote waliokuwepo pale walivyodhani, na ndiyo sababu kisa hiki kinahitaji kuangaliwa kwa namba, si kwa lawama.

Tangi halikuwa limeganda

Asidi ya asetiki safi huganda kwenye nyuzi 16.6. Watu wengi wanaoitumia kila siku hawajui, kwa sababu katika majira ya joto ni maji matupu kwa macho. Siku ikipoa, inageuka fuwele nyeupe.

Ila kuganda kunahitaji joto jingi liondoke. Kila kilo moja ya asidi hutoa kilojuli 195 inapoganda. Kilo 840 zikiganda zote lazima zipoteze karibu megajuli 164, sawa na kilowati-saa 45. Tangi la plastiki lililozungukwa na hewa yenye ubaridi wa nyuzi chache tu chini ya 16.6 hupoteza wati mia moja na ushee. Kwa kasi hiyo, siku tatu hazitoshi kugandisha hata robo ya asidi iliyomo. Kinachoganda kwanza ni ukoko kwenye kuta na, kabla ya vyote, kile kidogo kilichokaa ndani ya koki na shingo yake: nusu lita hivi, imezungukwa na hewa baridi pande zote, mbali na joto la asidi nyingine.

Kwa hiyo koki isiyotoa kitu haikumaanisha tangi la barafu. Ilimaanisha kizibo chembamba, na nyuma yake mamia ya lita za asidi iliyo majimaji, inayosukuma kwa uzito wake wote. Hili ndilo kosa lililozaa mengine yote. Walitibu tangi zima ilhali ugonjwa ulikuwa kwenye koki.

Kulijua hilo hakukuhitaji kifaa kikubwa. Matangi haya yana plastiki inayopenyeza mwanga. Ukimulika tochi isiyozua cheche upande wa pili, unaona pale fuwele zinapoishia na majimaji yanapoanzia. Kipimajoto cha kuelekeza kwa mbali kingeonyesha koki iko nyuzi 9 na katikati ya ukuta ni 15 au 16. Dakika tano za kupima.

Kuna ujanja mwingine wa asidi hii: inaweza kupoa chini ya 16.6 bila kuganda, ikabaki majimaji hata kwenye nyuzi 11 au 12, kisha ikaganda kwa ghafla foklifti inapoinua tangi au mtu anapoligonga. Kipimajoto kikionyesha 12 na asidi bado inacheza, usianze kuipampu ukidhani umenusurika. Inaweza kuziba ikiwa tayari ndani ya pampu.

Nyuzi 70 zilikuwa na maana gani

Mvuke wa asidi ya asetiki hushika moto ukifika takriban 4% ya hewa, na huendelea kuweza kuwaka hadi karibu 20%. Kwenye nyuzi 20, hewa iliyofungwa juu ya asidi hubeba mvuke wa karibu 1.5%. Hapo bado ni salama kwa upande wa moto. Kwenye nyuzi 30 hufika 2.7%. Kwenye nyuzi 39 hupita 4%, na hicho ndicho kiwango cha joto kinachoandikwa kwenye karatasi ya taarifa za usalama kama mwanzo wa kushika moto. Kwenye nyuzi 60 mvuke ni kama 12%, katikati kabisa ya eneo la kuwaka.

Maana yake ni kwamba mtu anayeyeyusha asidi hii ana uwanja wa nyuzi 22 tu: kutoka 16.6 hadi 39. Hakuna sababu yoyote ya kazi inayohitaji kuikaribia 39. Kikomo kinachofaa ni nyuzi 30 kwenye sehemu yenye joto zaidi ya asidi, na chombo cha kupashia chenyewe kisizidi 35 kwenye uso wake.

Sasa tupige hesabu ya blanketi. Kilowati 2 kwa saa tano ni kilowati-saa 10, au megajuli 36. Tukichukulia kilo 80 au 90 zilizokuwa zimeganda kwenye kuta ziliyeyuka, zilikula megajuli 16 hivi. Ishirini zilizobaki zingetosha kupandisha asidi yote kwa nyuzi 11, wastani wa 27 au 28, pungufu kidogo kwa joto lililopotea. Wastani huo hautishi. Tatizo ni kwamba tangi lisilokorogwa halina wastani. Asidi inayoguswa na ukuta wenye joto huwa nyepesi, hupanda kando ya ukuta na kukaa juu, huku ya chini ikibaki na ubaridi wake. Chini unaweza kupima 19 na tabaka la juu likawa 44. Kwenye 44 mvuke ni zaidi ya 5%, na tabaka hilo la juu ndilo linaloamua hewa iliyo chini ya kifuniko ina nini.

Ndiyo hali waliyokuwa nayo: lita 200 za hewa inayoweza kuwaka, kifuniko kimekazwa, na waya wa umeme usio wa daraja la maeneo ya mvuke unaolipuka umezungushwa pembeni. Kilichokosekana ni cheche. Na koki ilikuwa bado imeganda, kwa sababu blanketi halikuigusa.

Plastiki nayo ina neno lake. Polithini nzito ya matangi haya huvumilia asidi ya asetiki vizuri kwenye joto la kawaida, lakini kwenye nyuzi 60 uvumilivu huo hupungua sana na ukuta hulegea. Themostati ya 70 kwenye tangi la plastiki ni kosa hata kama ndani kungekuwa na kitu kisichowaka.

Nati ya koki

Kwenye matangi haya koki hushikiliwa na nati kubwa ya plastiki. Nati hiyo si ya kuunganishia mpira. Ndiyo inayozuia asidi yote isitoke. Watu huilegeza kwa bahati mbaya wanapofungua kiungio cha mpira kilichokaza, na hapa ililegezwa kwa makusudi.

Kanuni haibadiliki iwe ni tangi la lita 1,000 au mtambo mkubwa: kabla ya kugusa nati au bolti yoyote kwenye vali, jua kama ndiyo inayozuia kilichomo. Tarehe 27 Julai 2021, huko La Porte, Texas, Marekani, mafundi wa mkandarasi walikuwa wanaondoa kifaa cha kuendeshea vali kwenye kitengo cha asidi ya asetiki. Waliondoa pia nati zilizokuwa zinashikilia kifuniko cha vali chenye kuzuia shinikizo. Kiini cha vali kikarushwa nje, takriban pauni 164,000 za mchanganyiko wenye asidi ya asetiki ya moto zikatoka, na watu wawili wakafa. Uchunguzi wa bodi ya usalama wa kemikali ya Marekani ulionyesha kwamba kazi ile ilichukuliwa kuwa rahisi kiasi cha kutohitaji utaratibu ulioandikwa. Kuchokoa koki iliyoganda nako huonekana kazi rahisi.

Namna ya kuizibua

Funga koki kwanza kama inafungika. Kama imeganda ikiwa wazi, funga kofia ya mdomo wake kwa mkono. Weka beseni la plastiki la lita 100 au zaidi chini yake kabla ya joto lolote. Funga kofia kwa kukaza, kisha ilegeze nusu mzunguko tu, ili shinikizo lisijikusanye kati ya kofia na kizibo na tone la kwanza lionekane. Kifuniko cha juu kiwe na tundu la hewa linalofanya kazi. Kukikaza ni kosa, maana asidi inapoyeyuka hutanuka na mvuke huongezeka.

Koki yenyewe inataka joto dogo sana. Nusu kilo ya asidi huyeyuka kwa kilojuli 100 hivi. Lita 3 za maji ya nyuzi 35, zikipoa hadi 20, hutoa kilojuli karibu 190, ingawa nyingi hupotea hewani. Kwa hiyo weka maji hayo kwenye mifuko imara ya mpira, ifunge kuzunguka koki na shingo yake, funika na taulo nzito, badilisha kila dakika 20. Mara nne au tano kwa kawaida hutosha. Mvuke wa boila, bunduki ya hewa moto, birika la maji yanayochemka na mwale wa moto vyote havifai: vinazidisha joto sehemu moja, na pale kizibo kinapotoka, asidi inakuta joto hilo likiisubiri.

Tangi zima, kama kweli ukoko wake ni mkubwa, lihamishiwe chumba chenye hewa inayobadilishwa na joto la nyuzi 25. Litachukua siku moja hadi kadhaa. Asiyeweza kusubiri siku hizo apange akiba mapema. Kupandisha themostati si jibu. Kama lazima blanketi litumike, liwe limeidhinishwa kwa maeneo ya mvuke unaowaka, kikomo chake kiwe 30, na liwe na swichi ya pili inayojikata peke yake themostati ikikwama. Kipimajoto kifungwe sehemu ya juu ya asidi, pale joto linapojikusanya.

Usichote kabla haijayeyuka yote na kukorogwa. Fuwele ni safi kuliko majimaji yanayozizunguka; maji na uchafu hubaki kwenye majimaji. Ukichota nusu ya kwanza unapata asidi dhaifu kuliko lebo inavyosema, na nusu ya pili inakuwa kali zaidi. Kwenye kutia rangi, hapo ndipo vitambaa vya zamu mbili vinapotoka na rangi tofauti na hakuna anayejua kwa nini.

Bomba linataka uangalifu wa peke yake, kwa kuwa linapasuka wakati wa kuyeyuka na si wakati wa kuganda. Maji hutanuka yakiganda. Asidi ya asetiki hufanya kinyume, hupungua kwa karibu sehemu moja ya sita ya ujazo wake. Bomba linapoganda polepole, nafasi inayoachwa hujazwa na asidi mpya kutoka tangini, nayo ikaganda. Mwishowe bomba lina asidi nyingi kuliko ujazo wake wa kawaida. Ukilipasha katikati, kipande cha katikati kinayeyuka na kutaka kutanuka huku ncha zote mbili zimezibwa na fuwele. Gasketi ndiyo inayoachia, au shingo ya pampu. Kwa hiyo anza kwenye ncha iliyo wazi, ile inayoelekea tangini au chombo cha kupokelea, na usogee kidogo kidogo kuelekea upande uliofungwa. Gasketi za aina ya FKM (mpira wenye florini) ziondolewe kabisa. Mafundi huziweka wakiamini ndiyo mpira bora wa kemikali zote, lakini kwa asidi hii huvimba na kulainika. PTFE (plastiki ya Tefloni) ndiyo sahihi, na EPDM (aina nyingine ya mpira wa kutengenezwa) hufaa kwenye joto la kawaida.

Mmwagiko

Lita 60 ni kilo 63. Kuua ukali wake kunahitaji kilo 56 za magadi soda makavu (sodiamu kaboneti), au kilo 88 za baikabonati ya sodiamu. Ghala lenye mfuko mmoja wa kilo 25 "kwa dharura" halijajiandaa kwa mmwagiko huu. Magadi hayo yakimaliza kazi yametoa mita za ujazo 12 hadi 13 za kaboni dioksidi, ambayo ni nzito na hukaa kwenye mashimo na mifereji. Milango iwe wazi, na mtu asishuke kwenye shimo la kukusanyia maji.

Mpangilio ni huu: ziba mifereji, zungushia dimbwi mchanga mkavu au vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazonyonya), halafu nyunyiza magadi ukianzia ukingoni kuelekea katikati, kidogo kidogo, usubiri povu litulie. Endelea mpaka karatasi ya pH isome kati ya 6 na 8. Vumbi la mbao lisitumike. Linanyonya vizuri, kisha linakuwa fungu linaloweza kuwaka.

Kostiki soda haina kosa kwenye karatasi ya hesabu, lakini juu ya dimbwi la asidi ya zaidi ya 99% inaachia joto lote mara moja. Majimaji yanachemka, yanarusha asidi na kostiki kwa pamoja, na joto lake linavuka nyuzi 39 bila mtu kuwasha chochote. Hatari nyingine iliyo jirani kwenye maghala mengi ni haidrojeni peroksaidi, asidi ya nitriki, pamanganeti na asidi ya kromiki. Hizi zisishiriki ukingo mmoja wa kuzuia mmwagiko na asidi ya asetiki, hata kama rafu zake ziko mbali.

Kizimba cha tangi kimepakwa zinki. Asidi iliyotiririka juu yake huila zinki na kutoa haidrojeni kidogo kidogo, na sakafu ya saruji huliwa chokaa yake. Baada ya usafi, chunguza vyuma vya chini vya kizimba na paleti kwa karibu. Weupe wa unga na kutu ya mapema kwenye viungio ni dalili kwamba tangi hilo halifai kuinuliwa tena likiwa limejaa.

Paja la fundi

Asidi hii haiumi sana mwanzoni kama watu wanavyotarajia. Malengelenge huweza kuchelewa nusu saa hadi saa kadhaa, na wakati huo imeshapenya. Kujifuta kwa kitambaa kuliisambaza tu. Kilichotakiwa ni kuingia chini ya bafu la dharura na nguo mwilini, kuzivua maji yakiendelea kutiririka, na kubaki hapo angalau dakika 15, bora 20. Macho vivyo hivyo, kope zikiwa zimefunuliwa kwa vidole. Kisha hospitali, na karatasi ya taarifa za usalama mkononi. Hakuna magadi juu ya ngozi. Viatu vya ngozi vilivyolowa vitupwe, kwani havioshiki.

Maji ya bafu hilo yawe vuguvugu, kati ya nyuzi 16 na 38, na lifikike ndani ya sekunde 10. Katika banda lenye nyuzi 9, maji baridi humfanya mtu atoke baada ya dakika mbili, na hizo hazitoshi.

Glavu nyembamba za naitraili za bluu hupenywa na asidi hii ndani ya dakika chache. Zinazofaa ni za mpira wa butili. Juu ya miwani iliyozibwa pande zote, weka kinga ya uso. Suruali ikae nje ya buti na si ndani.

Kuhusu kupumua: kikomo cha kazi cha saa 8 ni sehemu 10 kwa milioni, cha muda mfupi ni 15, na 50 huhesabiwa hatari ya papo hapo kwa maisha na afya. Kipimo cha gesi inayolipuka kikiwekwa kulia kwenye 10% ya kiwango cha chini cha kuwaka, kitanyamaza hadi sehemu 4,000 kwa milioni. Ukimya wake haumaanishi hewa inavutika. Barakoa ya kichujio cha mvuke wa asidi ni ya kazi ya karibu tu. Dimbwi la lita 60 ndani ya jengo linataka mtungi wa hewa.

Kama moto ungewaka, povu la kawaida lingevunjika, kwa kuwa asidi inachanganyika na maji. Povu linalohitajika ni lile linalostahimili alkoholi, au unga mkavu kwa moto mdogo, huku maji ya mnyunyizo yakipoza matangi ya jirani.

Nguvu ya asidi inayoagizwa

Idara hii huipunguza asidi kwa maji kabla ya kuitumia. Basi hakuna sababu ya kununua ya 99.8%. Kila asilimia ya kwanza ya maji hushusha kuganda kwa takriban nyuzi moja na nusu, na ile ya 80% haigandi mpaka chini ya sifuri kwa nyuzi kadhaa. Mwanzo wake wa kushika moto nao hupanda sana. Hata usafirishaji unaitambua tofauti: iliyozidi 80% ni UN 2789 (namba ya Umoja wa Mataifa ya shehena hatari), babuzi daraja la 8 yenye hatari ya pili ya daraja la 3 la vimiminika vinavyowaka, kuanzia 80% kushuka, ilimradi imezidi 10%, ni UN 2790, babuzi tu. Gharama ni uzito: kilo 1.25 badala ya kila kilo moja, na mapishi ya rangi yabadilishwe kwa kigezo hicho hicho.

Mapishi yabadilishwe siku ile ile shehena ya kwanza inapopokelewa, na matangi ya nguvu mbili yasikae kwenye banda moja hata kwa wiki ya mpito. Fundi anayepima kwa ndoo hasomi asilimia. Anasoma rangi ya kifuniko.